Risiva, siku ya 23: mvumo umekufa, na waliokuwa wakivuma ni majirani

Saa mbili na robo usiku. Kitufe cha sauti nimekizungusha hadi mwisho, hakuna kinachopigwa, na spika hazisemi kitu isipokuwa ule mlio mdogo wa "shhh" ambao lazima utege sikio kwenye twita (kile kispika kidogo cha sauti nyembamba) ndipo uusikie. Mke wangu amepita, akaniona nimepiga magoti mbele ya spika isiyolia, akaendelea na safari yake ya jikoni. Amezoea.

Kwa waliochelewa: risiva, yaani amplifaya yenye redio ndani yake, ni Pioneer ya mtumba kutoka Ujapani, niliitoa Kariakoo, nzito hadi bodaboda alitaka kunitoza nauli ya abiria wawili. Ni ya volti 100, kwa hiyo inakula kupitia transfoma ya kushusha umeme. (Transfoma nyingi za dukani zinatoa 110, si 100, na kifuniko cha risiva kinachemka. Tafuta yenye tundu la 100.) Spika ni za ohmu 6, na waya wake ni shaba ya milimita za mraba 2.5 iliyobaki kwenye wayaringi ya nyumba ya kaka. Najua mpo mtakaocheka. Kwa umbali wa mita 4 sijasikia tofauti yoyote na ule waya unaouzwa kwa bei ya mbuzi, na siku nikiisikia nitakiri hapa hapa.

Kompyuta ya mezani ipo kwenye tundu la AUX nyuma ya risiva, king'amuzi kwenye tundu la TAPE. Kila kimoja kikichomekwa peke yake, safi. Vyote viwili vikiwa nyuma ya risiva: mmmmmmm.

Mvumo huo ndio umenila wiki tatu.

Kilichonivuruga ni kwamba haukujali kama king'amuzi kimewashwa. Nikizima king'amuzi, nikachagua kompyuta, bado unavuma. Nikichomoa nyaya zake nyekundu na nyeupe, kimya. Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo nilipaswa kulijua: swichi ya kuchagua chanzo inakata waya wa kati tu, ule wa sauti. Maganda ya nje ya jeki zote za RCA (zile za nyaya nyekundu na nyeupe) yameungana ndani ya risiva muda wote, umechagua hiki au kile. Kwa hiyo king'amuzi "kilichozimwa" bado kimeshikana na kompyuta kupitia mgongo wa risiva.

Lakini kabla ya kufika hapo nilikuwa nimeshampelekea fundi. Aliisikiliza sekunde kumi, akasema, "Bosi, hizi kapasita za pawa zimechoka, ni mashine ya zamani." Shilingi 45,000. Ikarudi na kapasita mpya (vile vikopo vinavyotunza chaji na kulainisha umeme) zinang'aa, na mvumo ule ule. Simlaumu sana, kwake aliisikiliza ikivuma kwa sababu mimi mwenyewe nilimpelekea na kompyuta na king'amuzi ili "aone tatizo lilivyo", na dukani kwake nako kulikuwa na dishi. Ila ushahidi nilikuwa nao nyumbani: nikiweka FM, mvumo unapotea karibu wote. Kapasita za pawa zikichoka zinavumisha kila kitu, FM ikiwemo. Dakika mbili za kufikiri zingeniokolea 45,000.

Nikajaribu ujanja. Nikafungua ile programu ya simu ya kukazia nyuzi za gitaa, nikaielekeza kwenye spika. Ikasema noti ya G, imepanda kidogo. Nikafurahi: G ya chini kabisa ni hezi 49 (mitetemo 49 kwa sekunde), umeme wetu ni hezi 50, basi huu ni umeme mbichi unaoingia kwenye nyaya, si mabaki ya pawa sapulai ambayo huwa hezi 100. Nikaenda kulala mshindi. Asubuhi nikagundua kwamba hezi 98 nayo ni G, oktavu moja juu. Kipimo changu hakikuwa kimetenganisha chochote.

Ushauri niliopewa mara nyingi kuliko wote ni kukata pini ya ethi (ile inayopeleka umeme ardhini) kwenye plagi ya kompyuta. Unafanya kazi, ndiyo maana hauishi mitaani. Lakini kasha la kompyuta ni chuma, na ndani ya pawa sapulai yake kuna kichujio chenye kapasita mbili, moja kutoka waya wa laini na moja kutoka waya wa nyutro, zote zikienda kwenye kasha. Ukiondoa ethi, kasha linaelea karibu na nusu ya volti 230. Kwa kawaida ni mtekenyo tu. Siku pawa sapulai ikiharibika vibaya, si mtekenyo tena, na mwanangu wa miaka minne anapenda kuegemea pale. Hapana.

Nikanunua kile kiboksi cha kuondoa mvumo wanachouza kwenye maduka ya redio za magari, vitransfoma viwili ndani ya plastiki. Mvumo ukapungua sana, na besi nayo ikaondoka. Gitaa la besi likawa kama mtu anayegonga kopo sebule ya pili. Vitransfoma vya ukubwa wa kidole haviwezi kubeba masafa ya chini bila kulemewa. Nimekirudisha kwenye droo ya majuto.

Kilichofungua fumbo ni saa. Niligundua mvumo hauko sawa siku nzima. Mchana ni mdogo, unavumilika. Ikifika taarifa ya habari, saa mbili usiku, unapanda kama mtu kauongeza. Nikadhani ni umeme wenyewe kuchafuka jioni. Kisha Alhamisi, katikati ya habari, ukashuka ghafla karibu nusu, na sekunde hiyo hiyo nikasikia jirani wa mlango wa pili akilalamika kwamba TV yake imezima.

Tunapanga nyumba nne kwenye ua mmoja, na dishi ni moja. LNB yake (kile kichwa kilicho mbele ya dishi) ina matundu manne, kila nyumba tundu lake. Wavu wa nje wa kebo zote nne unakutana pale juu, kwenye chuma kimoja. Kwa maneno mengine, king'amuzi changu kimeshikana mkono na ving'amuzi vya majirani watatu, usiku na mchana, hata kikiwa kimezimwa.

Nikaenda kugonga. "Shikamoo mama. Naomba uzime TV na king'amuzi, swichi ya ukutani, dakika moja tu."

"Marahaba. Kwani kimekufanya nini?"

"Kinavuma kwangu."

Aliniangalia kwa muda. Akazima. Mtoto wa kwangu akapiga kelele kutoka ndani: "Imepungua!" Tukazunguka milango yote mitatu. Kila aliyezima, mvumo ulishuka ngazi moja. Nikafungua nati ya kebo ya dishi nyuma ya king'amuzi changu: kimya kabisa.

Adapta zao za pini mbili, zisizo na ethi, zina kapasita kama zile za kompyuta, na kila moja inavujisha umeme kidogo kwenda kwenye chuma chake. Umeme huo unatafuta ardhi. Unapanda kwenye wavu wa kebo hadi kwenye dishi, unashuka kwangu, unapita king'amuzi, ganda la RCA, mgongo wa risiva, ganda la RCA la kompyuta, kisha unateremka kwenye pini ya ethi. Risiva yangu ndiyo iliyokuwa njia ya mtaa mzima kwenda ardhini. Kiasi ni kidogo mno, lakini kinapita kwenye ganda lile lile ambalo sauti inalitegemea kama sifuri yake.

Dawa ikawa rahisi kuisema: sauti ivuke bila chuma. King'amuzi kinaingia TV kwa HDMI, TV ina tundu la kebo ya mwanga, kebo ya plastiki inabeba mwanga mwekundu hadi kwenye DAC ndogo (kiboksi kinachogeuza sauti ya kidijitali kuwa ya kuingia kwenye amplifaya), na DAC inaingia kwenye TAPE kwa RCA. Mwanga hauvujishi umeme wa jirani.

Nikachomeka. Ukavuma!

Hapo nilitukana kwa lugha tatu. Ilinichukua saa nzima kuona ujinga wangu: DAC nilikuwa nimeilisha kwenye tundu la USB la TV, kwa sababu lilikuwa karibu. Hasi ya USB ni chuma cha TV. Nimenunua kebo ya mwanga kisha nimeweka waya wa shaba kando yake. Nikaihamishia kwenye chaja ya simu: kimya. Kisha kimya kikazidi, sauti yenyewe ikawa haipo, kwa sababu TV ilikuwa inatoa sauti iliyobanwa ya Dolby na DAC ya bei hii haiijui. Menyu ya sauti, nikachagua PCM (isiyobanwa), imekwisha.

Nilipanga leo nifunge na sabufa, imekaa kwenye boksi tangu siku ya 9. Lakini mjomba kaleta mashine ya santuri, nayo ya Ujapani, na nani ana nguvu ya kusubiri? Waya wake wa ethi upo, haivumi hata chembe. Tatizo ni jingine: bibi wa taarabu anaimba kwa sauti ya babu. Nimehesabu mizunguko kwa kipande cha karatasi kwenye sahani, inazunguka 28 hivi kwa dakika badala ya 33 na theluthi. Ujapani upande wa Tokyo ni hezi 50, upande wa Osaka ni hezi 60, na transfoma yangu inashusha volti tu, hezi haizigusi, na mota hii kasi yake inafuata hezi. Kapi ya mota hii ni ya Osaka. Mkanda nimeuvua, kapi nimeipima kwa rula ya shule, na kesho naipeleka kwa mchonga vyuma nimuulize kama anaweza kunichongea yenye kipenyo kikubwa mara 1.2.