Gari lisilo na matairi

Nguzo za umeme zimefika huku kwetu. Tangu juzi zimelazwa kando ya barabara, na jua likizipiga zinatoa ile harufu kali ya dawa ambayo kila aliyewahi kupita Mafinga, penye viwanda vya nguzo, dirisha likiwa wazi anaijua. Jana kijana wa vipimo alisimama mlangoni na fomu yake. "Mama, mnavuta au hamvuti? Ni 27,000 tu." Kabla sijafungua mdomo, Tumaini akadakia: "Mama, kwani sisi tuliukataa umeme?"

Hatukuukataa. Tulitafuta mahali ambapo haukufika, tukahamia kwa hiari yetu. Sasa mweleze hivyo mtoto anayesomea mtihani kwa taa ya sola inayopepesa.

Nilimtuma kuni, nikabaki na ile harufu. Ikanirudisha Julai 2015, kwenye barabara ya Hamsini na Saba.

Noah ile, gari letu, mnaikumbuka, bado mnanitania nayo. Viti vya nyuma tuling'oa, tukaweka mabelo ya majaketi ya mtumba, juu ya mabelo godoro. Miaka miwili na ushee tulikuwa tunafuata magulio: Makambako, Chimala, Igurusi, Uyole, mara moja moja Tukuyu. Gesti tulilala siku za mvua tu. Na kila jioni, mzigo ukishafungwa, mwenzangu alikuwa anatoa kaunta buku na penseli, tunaanza kujenga.

Nyumba ilikuwa chumba kimoja, mita 4 kwa 6. Alikuwa na hesabu zake: paa la mita za mraba 24, mvua ikinyesha milimita 1 unapata lita 24, na kuna sehemu za Rungwe zinapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Tangi la lita 5,000 litajaa mpaka limwagike. Paneli ya wati 100, betri moja ya gari, N70, taa tatu, redio. Meza ya kukunjwa ukutani, kitanda juu ya makabati. Hakuna kodi, hakuna kununua umeme wa LUKU. Kurasa zile nilizipenda kuliko majaketi yote tuliyowahi kuuza.

Siku hiyo tulikuwa tunawahi gulio la Matamba. Barabara inayopanda kutoka Chimala inaitwa kwa idadi ya kona zake, na Noah ile ilichemsha kwenye kona ya thelathini na ngapi sijui. Chini bonde la Usangu lilikuwa linaingia giza. Utingo wa lori la Fuso la viazi alitupa maji nusu dumu. Tukapanda, tukasimama, tukapoza, tukapanda tena, na tulipofika juu baridi ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa. Gari likazima kabisa mbele ya nyumba yenye jiko la nje. Kwenye nyufa za mlango wa jiko tuliona moto.

Bibi mmoja na mjukuu wake. "Kamwene," nikasema, neno langu la Iringa, likatosha. Hakuuliza tunatoka wapi. Alisogeza kigoda, akasukuma kuni ndani ya mafiga, akachokoa viazi kwenye majivu na kutuwekea mapajani vikiwa bado vinaunguza. Soksi zangu akazichukua mwenyewe, akazitandaza juu ya kuni.

Mwenzangu alikuwa na tabia ya kumwonyesha kila mtu lile daftari. Hata trafiki wa Igawa aliwahi kuonyeshwa. Basi akalitoa. Bibi alilipokea kwa mikono miwili, akalishika kichwa chini, mjukuu akaligeuza. Akaanza kupitisha kidole kwenye mistari, taratibu, kama anayepapasa nguo kutafuta tundu. Kidole kilikuwa na masizi. Alama yake ipo mpaka leo kwenye ukurasa.

"Moto mnawasha wapi?"

"Kuna gesi ndogo, bibi. Inakaa hapa, chini ya meza."

"Nauliza moto."

Mwenzangu akacheka kidogo, akaeleza habari ya mkaa na miti inavyokwisha. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Kidole kikaendelea kutembea.

"Na mgeni?"

Hakuna aliyejibu. Miguu yangu ilikuwa kwenye majivu yake, kiazi chake kilikuwa mdomoni mwangu.

Kidole kikafika mlangoni. Tulikuwa tumechora mlango wa ubavuni, wa kusukuma, ili kuokoa nafasi. Bibi akainua macho, akachungulia nje ilikosimama Noah, akarudi kwenye karatasi, akachungulia tena. Akasema kitu kwa Kiwanji. Mjukuu aliziba mdomo, mabega yakawa yanatikisika.

"Anasemaje?"

"Hapana, hakuna kitu."

"Sema tu, mdogo wangu."

"Anasema hii siyo nyumba. Ni gari lile lile, mmelitoa matairi."

Mimi nilicheka mpaka machozi. Mwenzangu alifunga daftari. Akasema anakwenda kulinda mzigo, kana kwamba kuna mwizi angetoka kitandani usiku ule. Nililala kwenye mkeka karibu na moto. Alfajiri kioo cha gari kilikuwa cheupe kwa sakitu. Akaingia jikoni bila salamu, akakaa, akanyoosha mikono. Bibi akamkabidhi kikombe. Nyumba haikutajwa tena.

Mengine mnayajua. Tulijenga huku Isyonje. Hela ya tangi la pili ilikwenda kwenye jiko la kuni na chumba ambacho hatukuwahi kukichora. N70 ilikufa kabla ya mwaka. Fundi wa Mwanjelwa alitucheka, betri ya gari haipendi kunyonywa mpaka chini kila usiku. Na Juni, ukungu ukishakaa, tunachagua: redio au taa.

Kwa bibi hatukurudi. Tumepita Matamba mara mbili, na mara zote mbili tulikuwa tunawahi kitu.

Jioni mwenzangu aliisoma ile fomu pande zote mbili. Akasema labda tuvute taa moja tu, ya Tumaini. Nikamuuliza kama anamjua mtu aliyewahi kuishia kwenye taa moja. Hakunijibu. Kijana wa vipimo alikuwa bado yupo, mvua ilimkuta kwetu, anakula viazi jikoni huku anafuta macho. Bomba la moshi tulilielekeza upande wa upepo, kosa la miaka saba sasa. "Mama," akasema, "humu ndani mnaishije?" Nikamwongezea kiazi.