Bahari imeenda wapi?

Wifi yangu wa Kitale alikuja Mombasa likizo ya Disemba na watoto wake wawili, mara yao ya kwanza kuona bahari, na kabla hata hajapanda treni ya SGR ashanitumia ratiba kwa WhatsApp. Ratiba ya saa kwa saa wallahi. Jumamosi Fort Jesus, lanchi, Old Town, Jumapili saa nne asubuhi bichi mpaka saa saba, halafu Haller Park, halafu sijui feri ya Likoni. Nkaisoma nkacheka nkamwandikia "karibuni sana wifi" nkaacha hapo, maana mgeni haharibiwi furaha yake. Ningemwambia mapema tu kwamba huku sisi hatutembei kwa simu, tunatembea kwa jua na maji, lakini nlinyamaza, basi yaliyotokea na mimi nna sehemu yangu.

Jumamosi tulichelewa kutoka kwa sababu ya mahamri na mbaazi za nazi. Watoto walikaa chini wakasahau kuinuka. Tunafika Ngomeni, hiyo Fort Jesus, saa sita kasoro, jua utosini. Wageni wangu wengine huwapeleka asubuhi ikifunguliwa tu, kwa sababu zile kuta Wareno walizijenga kwa mawe ya matumbawe kuanzia 1593 mpaka 1596, juu ya mwamba mlangoni mwa bandari, na ukisimama pale uwanjani adhuhuri jua moja linakupiga kutoka juu na jengine linatoka ukutani. Yule mdogo wa miaka sita aliona mzinga, akarukia juu na kaptula yake fupi akaukalia kama baiskeli. Weee. Alishuka haraka kuliko alivyopanda, chuma kimepikwa tangu alfajiri, akabaki anashika makalio na machozi yanamlengalenga na dadake anakufa kwa kicheko.

Nkawapeleka kivulini nkawapa ile hadithi ya Waomani kuizingira ngome 1696 mpaka 1698, karibu miaka mitatu, na waliokuwa ndani wengi wao hawakuuliwa na risasi, ni njaa na maradhi. Yule mkubwa akaniuliza, "Anti, walikuwa wanakunywa nini?" Swali zuri kuliko yote nliyowahi kuulizwa pale ndani. Nkamuonyesha birika la kukusanya maji ya mvua, akachungulia, akatikisa kichwa kama mtu mzima. Kuhusu wafungwa hakuuliza (ngome ilikuwa jela mpaka 1958, wazee wetu bado wapo wanaoikumbuka hivyo) na mimi sikumwambia. Kilichotuokoa ni ile Nyumba ya Waomani juu, madirisha yanaangalia maji, upepo unaingia wenyewe, tukakaa pale muda mrefu kuliko kwengine kote na wifi akakubali kwamba ratiba imekufa.

Old Town sasa ndio mahali pa mchana, na hili watu wengi hawajui. Vichochoro vyembamba, nyumba ndefu zimeegemeana, ukipita huku kuna kivuli, ukipita kule kuna kivuli, na roshani za mbao juu ya kichwa. Waliojenga walijua jua la hapa. Tulipita Ndia Kuu polepole tukiangalia milango ya nakshi, na nkamkanya wifi kidogo kwa habari ya simu, kwamba mlango ni wa nyumba ya mtu, piga hodi au omba ruhusa kwanza, na usipige picha ya mama aliyekaa barazani kwake kama vile ni sehemu ya ukuta. Aliomba. Akapewa ruhusa na kikombe cha chai ya tangawizi juu yake, tukapoteza saa nzima pale.

Tukarudi nyumbani tukalala. Ndio, tulilala, mchana, kwenye matembezi. Ukitaka kufaidi Mombasa Disemba lala adhuhuri.

Jioni nkawatoa Mama Ngina, pale baharini kwenye mibuyu mikubwa, pamepambwa upya 2019 na bado mimi napapenda kwa sababu zile zile za zamani: mihogo ya kuchoma na ndimu na pilipili, viazi karai, madafu, mabuyu mekundu yanayowatia watoto rangi ya ulimi siku mbili, na meli. Meli za makontena zinaingia bandari ya Kilindini hapo hapo mbele yako, karibu sana mpaka unaona mabaharia wamesimama, na hakuna kiingilio. Sasa watu wa bara hudhani jua litazama baharini kama wanavyoona kwa picha. La, hapa bahari iko mashariki, jua linazama nyuma ya mgongo wako upande wa nchi kavu. Wifi alikuwa ashaanza kulalamika kidogo. Halafu ukatoka mwezi. Mwezi mpevu, mzima, mwekundu kama sinia la shaba, unapanda kutoka majini kabisa, na watu wote pale ukutani wakanyamaza kidogo hata wale vijana wa spika.

Mzee mmoja jirani yetu, mvuvi wa zamani, tulimkuta barazani tunarudi. Nkamwamkia shikamoo, akaitika, akauliza kesho nawapeleka wapi wageni. Nkamwambia bichi ya Bamburi, saa nne. Akacheka. "Saa nne? Na mwezi huu? Utawapeleka wakaone mchanga."

Hapo ndio ningesikia. Mtoto wa pwani mie, nimezaliwa na kulelewa Majengo, najua vizuri mwezi ukiwa mpevu au ukiandama ni bamvua, maji makubwa, na bamvua huku kwetu maji hupwa asubuhi mnamo saa nne na saa tano na kujaa alasiri mnamo saa kumi, tofauti ya juu na chini inapita mita 3. Kila siku yanachelewa kama dakika 50 mpaka wiki ifikapo ni maji mafu, kujaa na kupwa kwake kudogo, na saa zimegeuka. Lakini wifi alitaka angalau kitu kimoja kwenye ratiba kifanyike kwa saa yake. Tukaenda.

Tukashuka matatu, tukavuka wale ngamia na wauza miwani, watoto wanakimbia mbele, halafu wakasimama. Mchanga, mchanga, vidimbwi, mwani, boti zimelala ubavu, na maji yako kuleee mwambani mstari mweupe tu. Yule mdogo akanigeukia na ndoo yake mkononi: "Anti, bahari imeenda wapi?"

Wallahi sikuwa na jibu la haraka.

Ila ndio ikawa asubuhi bora ya safari nzima. Tulivaa champali tukatembea kwa miguu kuelekea mwambani, maji ya kisigino, vuguvugu kama chai iliyosahauliwa, na kila kidimbwi kina mambo yake. Viti vya pweza vyekundu, wale wa umbo la nyota (usivitoe majini jamani, wale wanaovishika juu wapige selfi vinaumia), samaki wadogo wa milia, na jongoo bahari mmoja mweusi mnono ambaye yule mdogo alimkodolea macho hata tukafikiri tutalala pale. Wifi alivua champali ili apendeze pichani. Akakanyaga yule mdude wa miiba myeusi. Vijana wa pale wana dawa yao, walikuja na papai bichi wakamtia utomvu, maumivu yakapungua, na nlitoa shilingi mia mbili bila ubishi. Kijana wa boti aliyetutajia elfu na mia tano kila kichwa ndio nlibishana naye, aliposikia Kiswahili changu akashuka mpaka mia nne mwenyewe, lakini hapo hamu ishatoka.

Jua lilipokuwa kali tukahamia Haller Park, si mbali. Watoto walitaka twiga, na twiga kuna saa zake za kulishwa, uliza getini. Ulimi wake ni mrefu, mweusi, umejaa mate, ukishika chakula kiganjani unakikomba. Mimi kilichonikaa moyoni ni kingine. Hapo palikuwa shimo la kuchimba mawe ya simiti, jangwa jeupe, na mwaka 1971 René Haller akaanza kupanda miti, mivinje ndio iliyostahimili, lakini majani yake yalirundikana hayaozi. Akaleta majongoo wakayala, yakawa udongo. Nilipomueleza yule mdogo alisimama katikati ya njia. "Wale wa baharini?" Hapana, wa nchi kavu. Hakuridhika.

Saa kumi tukarudi bichi. Maji yamefika karibu na ukuta, mji mzima umo ndani na maringi ya tyubu, na zile boti za asubuhi zinacheza juu. Yule mdogo alisimama na ndoo ile ile. "Imerudi," akasema taratibu, na ikachukua dakika kumi kumuingiza na saa mbili kumtoa.

Feri hatukupanda. Usiku nawafunika, mkubwa ashalala, huyu macho makavu.

"Anti, sasa hivi iko wapi?"

Nkaangalia saa. Saa nne na nusu.

"Imeenda tena. Lala."