Jinsi nilivyolifasiri "spread" kwa wakulima wa viazi

Watu 11 walifika nyumbani kwa mama mkubwa asubuhi, kila mmoja na kiroba kitupu. Walikuja kuchukua samadi. Ilikuwa Oktoba, milima ya Uporoto bado mikavu, mashamba yamelimwa yanasubiri mvua, na aliyewaita watu hao bila kujua ni mimi.

Kikundi chetu kinalima viazi mviringo juu kidogo ya Isongole, kwenye barabara ya kutoka Mbeya kwenda Tukuyu. Aliyetuuzia mbegu alitupa kurasa mbili za maelekezo, zote kwa Kiingereza. Mama mkubwa ndiye mwenyekiti, akanikabidhi. "Mwanangu, wewe umekaa darasani miaka mingi, tusomee." Nikafasiri usiku mmoja. Mstari wa kwanza nilioandika ulisema: sambaza samadi shambani wiki mbili kabla ya kupanda.

Kwetu, kusambaza mbolea ni kazi ya wakala. Mbolea ya ruzuku husambazwa, pembejeo husambazwa, na anayesambaziwa ndiye anayekwenda na kiroba. Basi wanakikundi walisoma walichosoma. "Itasambazwa na nani?" mzee mmoja akaniuliza, kwa upole kabisa. Hakukuwa na samadi ya kugawa. Wengine walikuwa wametembea saa nzima, na niliona haya kuwatazama machoni.

Nilirudi kwenye zile kurasa nikahesabu. Neno "spread" lilikuwamo mara tisa. Kamusi yangu ndogo ilinipa enea, eneza na sambaza, nami nilikuwa nikizipokezanisha tu ili maneno yasijirudie. Hapo ndipo nilipoacha kutafuta Kiswahili cha neno lile. Nilinakili sentensi zote tisa kwenye daftari, nikaenda nazo shambani kwa mama mkubwa, na kwa kila moja nikawa namwuliza: hapa mkono unafanya nini?

Samadi: unaimwaga mafungu mafungu, kisha unayatawanya kwa jembe. Basi nikaandika mwaga, kisha tawanya.

Mbegu ilitupa kazi zaidi. Kiingereza kilitaka mbegu iwe "spread" mahali penye mwanga hafifu, tabaka moja au mawili. Mimi nilikuwa nimeandika eneza mbegu, na mkulima akisikia hivyo anadhani anaambiwa aizalishe awape wenzake. Nikapendekeza anika. Mama mkubwa akakataa papo hapo. "Kuanika ni kukausha, mwanangu. Mahindi tunaanika, kahawa wanaanika. Mbegu ya kiazi ukiianika juani umeiua." Yeye huitandaza kwenye kichanja, chini ya paa, mwanga ukiingia kwa pembeni, na machipukizi hutoka mafupi, ya kijani, yenye nguvu. Tandaza ndilo neno lililokuwa sahihi, na lilikuwa kinywani mwake siku zote.

Sehemu iliyonifundisha zaidi ni ya ukungu. Sisi neno ukungu linatutosha kwa mambo mawili: ule unaofunika mlima asubuhi, na ule ugonjwa wa viazi ambao wataalamu huuita bakajani chelewa. Hatuchanganyikiwi, kwa sababu kitenzi kinatofautisha. Ukungu ukitanda, unavaa sweta unasubiri jua. Ukungu ukiingia na kuenea shambani, unatafuta dawa siku hiyohiyo. Kiingereza kinafanya kinyume: ukungu wa mlimani una jina lake na ugonjwa una jina lake, halafu "spread" inabebeshwa vyote viwili. Kwangu hili si jambo dogo. Miaka yote nilifundishwa kwamba Kiswahili kina upungufu wa maneno, kumbe hapa chenye upungufu ni kile nilichokuwa nafasiri kutoka kwake.

Hata huko kuenea kwenyewe hakukutosha. Kuhusu bakajani, kurasa zilieleza kuwa vimelea hupeperushwa na upepo na kurushwa na matone ya mvua, na hustawi kwenye baridi yenye unyevu, ambayo ndiyo hali yetu ya masika. Nikaandika hivyohivyo, peperushwa na rushwa, ili mtu aone hatari inakotokea. Mnyauko wa bakteria hauji kwa upepo hivyo. Huo unatembea na mbegu, na maji, na udongo ulioganda kwenye jembe uliloazimwa. Nikaandika hutembea, na mtu mmoja akaniambia siku hizi anaosha jembe kabla ya kulirudisha kwa jirani.

Palikuwa pia na mtego wa wakati. Kitenzi hiki hakibadiliki kikienda wakati uliopita, hakiongezwi chochote. Kuna aya iliyosimulia jinsi bakajani ilivyoangamiza viazi vya Ireland kuanzia 1845, watu wapatao milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi. Mle mna sentensi isemayo ugonjwa "spread", bila herufi s mwishoni, nami nikaandika huenea, kama jambo la kila mwaka. Sasa natazama ile s. Mtendaji akiwa mmoja na s haipo, jambo limekwisha kutokea: ulienea. Watendaji wakiwa wengi, dalili hiyo haipo, inabidi nisome vitenzi vya jirani.

Zile za nafasi kati ya mimea zilipita haraka: sentimita 75 mstari hadi mstari, 30 shina hadi shina, achanisha, basi.

Ya tisa ilinikalia siku mbili. Ilituambia tu-"spread" hatari. Nilijaribu gawanya hatari, tawanya hatari, na zote zilisikika kana kwamba tunapelekeana balaa. Mwishowe niliacha kitenzi kabisa nikaandika: usipande viazi vyote shamba moja wala siku moja.

Niliisoma kwenye mkutano uliofuata. Mama mkubwa akatikisa kichwa kukubali, akasema yeye ana robo eka huku juu na robo nyingine bondeni, na ya bondeni ameshaipanda. Kisha akauliza kama kuna karatasi nyingine.