Mengineyo

"Dada, nikiweka msanii mkopo hautoki."

Leo siku ya tano na bado naisikia. Naisikia nikigeuza vitumbua, naisikia nimebanwa kwenye mwendokasi, na juzi niliisikia katikati ya rakaa ya tatu, Mungu anisamehe. Na wiki ilikuwa na mambo yake: Baba Nasra kapata uhamisho wa Dodoma, ofisini tumepewa barua kwamba mradi unaishia Juni, Mama Mdogo kashuka na kuku wawili bila taarifa. Mimi nimebaki palepale kwenye dawati la mikopo.

Zile bati za kuezekea nyumba yetu ya Chanika mnazijua. Basi nikaenda kuulizia mkopo. Afisa ni kijana mpole, rika la mdogo wangu wa mwisho, na kwenye kompyuta yake kazi haiandikwi, inachaguliwa.

"Kazi yako, dada?"

"Mtaalamu wa tiba ya sanaa."

Akaishuka orodha yote. Akaipanda tena. "Daktari ipo. Nesi ipo. Mwalimu ipo. Hiyo yako ikoje?"

Nikamweleza. Mtoto kaungua, au kafiwa, au kaona kitu ambacho mdomo wake haukiwezi. Nakaa naye na rangi, karatasi na udongo, tunaanzia hapo.

"Aa, kama wale wa Tingatinga pale Morogoro Stores?"

"Wale wanauza, mdogo wangu. Kwangu picha ni ya mtoto, naifungia kabatini."

"Basi ni mtumishi wa afya. Namba ya usajili?"

"Sina."

Hapo ndipo alipolisema lile la msanii, akacheka. Nami nikacheka naye, na hicho ndicho kinachonikereketa. Msanii ni nani kwa Kiswahili cha mjini, hakuna asiyejua. Fundi akila hela ya saruji tunasema kaleta usanii. Kisha, kwa huruma kabisa, akasema: "Ngoja nikuwekee Mengineyo."

Mengineyo! Ile ajenda ya mwisho ya kikao, mwenyekiti anaisoma watu wameshashika mikoba na mmoja yuko nje anawasha pikipiki.

Majibu yote mazuri yalinijia nikiwa nimeshapanda gari. Ningemwambia Uingereza jina la kazi hii linalindwa na sheria, ukijiita hivyo bila kusajiliwa ni kosa. Kwamba kule tulisoma shahada ya uzamili, miaka miwili kwa anayesoma kutwa, na kwenye hospitali za umma unaanzia daraja la 6, moja juu ya nesi anayeanza. Ningemsimulia Adrian Hill, mchoraji wa Kiingereza aliyelazwa kwa kifua kikuu, akawa anachora akiwa kitandani, akawavuta na wagonjwa wenzake, na mwaka 1942 ndiye akaipa kazi hii jina lake. Nilimhutubia hivyo kimoyomoyo mpaka nikapitiliza kituo.

Halafu nikajishtukia: majibu yangu yote yana pasipoti, na bati ni za Chanika. Huku mshahara wangu unatoka kwenye mradi, na tangu Marekani ifunge bomba la misaada mwanzoni mwa 2025, wafadhili waliobaki tunawagombania kama ndoo za maji. Msimamizi wangu wa kitaalamu bado yuko Uingereza, tunaonana kwa video mara moja kwa mwezi, namlipa kwa pauni kutoka mshahara wa shilingi. Ningekuwa mimi ndiye afisa mikopo, labda hata hiyo Mengineyo ningeifikiria mara mbili.

Wadogo zangu mnaoniuliza kila mara kama "ina ajira", jibu langu leo ni kali kidogo kuliko la mwaka jana. Someni kwanza unesi au ustawi wa jamii, kitu chenye kisanduku chake, halafu sanaa muipandishe juu yake. Mimi nilianza na saikolojia, ndugu zangu wakadhani naandaliwa kitanda Mirembe, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili.

Alhamisi nilikwenda wodini na kinyongo hichohicho. Kulikuwa na binti mgeni, tuseme wa miaka sita (nimebadilisha mambo fulani kama kawaida yangu), kamwagikiwa uji. Akiona mtu yeyote anasogea analia kabla hajaguswa. Nikakaa mbali, nikafungua pakiti ya udongo wa rangi. Pale kila mtoto anapewa wake mpya, kwa sababu ya vidonda.

"Na wewe unachoma?"

"Sichomi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akanitazama mikono, akanitazama mifuko. "Haya, kaa."

Akatengeneza sindano kumi na moja, nene kama vidole, akanichoma zote. Begani, mkononi, moja kwenye goti. Akaniamuru nilie. Nikalia. "Siyo hivyo, lia sana." Nikalia sana, mpaka mama wa kitanda cha pili akageuka. Alipomaliza akanipuliza goti, akasema pole, imeisha, kesho tena.

Nesi alipokuja kubadilisha bandeji alilia vilevile, tena zaidi, msije mkadhani nasimulia muujiza. Ila katikati ya kilio alininyooshea kidole: "Yule asiyechoma abaki!" Nesi akanivutia kiti. Miezi minane naingia wodi ile, kiti nilikuwa najitafutia mwenyewe.

Nimerudi nyumbani nikamwambia Baba Nasra nina cheo kipya. Akauliza kina posho.

Kijana wa mkopo bado hajapiga. Simu iliita leo mchana nikaikimbilia na unga mikononi, kumbe Mama Mdogo yuko sebuleni anaitafuta simu yake kwa kunipigia.

Kingine: umeme wa elfu kumi umeisha kwa siku tatu. Tatu! Hatujapiga pasi, friji ni lilelile, kuku hawatumii umeme. Usiku nimezima kila kitu nikatoka na tochi kuangalia mita, na kile kitaa chekundu kilikuwa bado kinapepesa.