Mahindi ya zambarau Kakamega: chokaa kwanza, mbolea baadaye

Mahindi yalidumaa, majani yakawa ya zambarau, ingawa DAP, mbolea ya kupandia yenye naitrojeni na fosforasi, ilitiwa kila msimu. Ukiyang'oa unaona mizizi mifupi, minene, ncha za kahawia: hiyo ni sumu ya alumini, madini ya udongo yanayoyeyuka kwenye tindikali kali. Udongo ulipimwa, pH (kipimo cha tindikali; chini ya 7 ni tindikali) ikawa 4.8. Hapo fosforasi hunaswa na udongo, mmea huikosa na majani huwa ya zambarau, na DAP yenyewe huzidisha tindikali.

Kupunguza tindikali, nilitumia chokaa ya kilimo iliyosagwa laini, magunia 16 ya kilo 50 kwa ekari, ikachanganywa na udongo hadi sentimita 15, wiki nne kabla ya kupanda. Udongo mkavu? Chokaa italala tu bila kufanya kazi. Usiichanganye na DAP wala samadi mbichi. Naitrojeni hutoroka hewani. Kupandia ni TSP (mbolea ya fosforasi isiyo na naitrojeni), kukuzia CAN (mbolea ya naitrojeni yenye kalsiamu). pH ikipita 6.5, zinki, kirutubisho cha mmea, huadimika.