Mpira wa Puani

Malindi, Jumatatu usiku

Leo mwana wa ndugu yangu ametolewa oksijeni. Ana wiki saba tu duniani.

Tulimkimbiza hospitali Ijumaa, mbavu zikiingia ndani kila avutapo pumzi, ziwa halishiki. Mama alikuwa ameshatia ubani chetezoni amfukize. Nilikitoa nje bila hata kumwomba ruhusa, nikamtaka radhi baadaye. Moshi ungezidi kumbana kifua, ila najua alikuwa akimpigania mjukuu wake. Na siku mbili nzima tulikuwa tumempa dawa ya maji ya antibiotiki tuliyouziwa dukani, tukidhani tunatibu.

Wodini walimfunga kipimo mguuni, kile chenye taa nyekundu kinachopima oksijeni katika damu. Kikasoma asilimia 84. Muuguzi hakungoja, chini ya 90 ni oksijeni.

"Dokta, sasa dawa atapewa gani?"

"Dada, hii ni bronkiolaiti. Vijinjia vya hewa vimevimba vikajaa ute, na mara nyingi kwa wachanga ni kirusi cha RSV. Antibiotiki haikiui."

Nikauliza kama hakuna kinachokiua. Akasema iko ribavirini, iliidhinishwa Marekani mwaka 1985. Mtoto huvutishwa ukungu wake saa 12 hadi 18 kwa siku. Ni ghali, na faida yake haikuthibitika vya kutosha, kwa hiyo wachanga hawapewi kama kawaida. Nilitaka kulia. Miaka yote hiyo, na dawa ya kweli bado?

Basi tiba ikawa hewa na maziwa. Ndugu yangu akikamua kikombeni, mimi nashika bomba la sindano juu, maziwa yanateremka polepole kwenye mpira uliopitishwa puani mpaka tumboni. Ukiliinua sana yanakwenda mbio, mtoto anakabwa. Mkono uliniuma, sikuthubutu kuushusha.

Watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, hapo Kilifi wamekifuatilia kirusi hiki miaka mingi. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha chanjo ya mjamzito, kinga impitie mama imfikie mtoto tumboni. Naitaka ifike kwenye kliniki zetu, kwa kila mwanamke anayebeba mimba hapa pwani.

Leo alasiri kipimo kilisoma 95 bila mpira wa oksijeni. Ndugu yangu akampakata, akampa ziwa. Akanyonya mara tatu, akaliacha avute pumzi, akalitafuta tena.