Bumu ya Telehandla Inapokataa Kunesa: Usianze na Akumuleta

Wiki tatu zilizopita niliitwa kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa nje kidogo ya Nakuru, ambako telehandla (mashine ya kunyanyulia mizigo kwa mkono mrefu unaorefuka, yaani bumu) iliyotumika Uingereza kabla ya kuletwa Kenya huchota saileji, yaani majani ya mifugo yaliyochachushwa, shimoni na kuipeleka mabandani kupitia njia ya murram iliyojaa mashimo. Dereva alilalamika kwamba tangu mvua zianze mashine ilikuwa ikimpigapiga mgongo, na kwamba kila safari sehemu ya saileji ilimwagika kabla ya kuwafikia ng'ombe. Fundi aliyenitangulia alikuwa ameshabadilisha akumuleta, kifaa cha bei kubwa kinachoipa bumu mneso, na hali haikubadilika hata kidogo.

Mafuta ya haidroliki hayakubali kubanwa, na ndiyo sababu bumu iliyoshikiliwa na silinda iliyofungwa huwa kama chuma kimoja na chasisi. Suspensheni, yaani mfumo unaoiruhusu bumu kunesa ili kupunguza mtikiso, inapowashwa, vali ya solenoidi (vali inayofunguliwa na koili ya umeme) huunganisha mafuta yaliyo chini ya pistoni ya silinda ya kuinulia na akumuleta, ambayo ni chupa nene ya chuma yenye mafuta upande mmoja na nitrojeni upande wa pili. Gurudumu likitumbukia shimoni, mafuta hukimbilia kwenye chupa, gesi hubanwa, kisha huyasukuma kurudi. Kwa hiyo bumu ngumu huweza kuwa na sababu mbili zenye sura moja: ama vali haifunguki, ama gesi imekwisha na chupa imejaa mafuta matupu, ambayo hayanesi.

Nilimwomba dereva apakie nusu ndoo, ainue bumu kidogo, awashe suspensheni kwa swichi, kisha ashushe na kusimamisha ghafla, watu wote wakiwa mbali. Bumu yenye suspensheni nzima huitika kwa kunesa mara mbili tatu. Hii ilisimama kama mwamba. Baada ya kuilaza chini na kuzima injini, niliacha umeme umewashwa na kugusisha ncha ya bisibisi kwenye kichwa cha koili ya solenoidi. Koili inayopata umeme huwa sumaku na huivuta bisibisi. Haikuvuta.

Nilichomoa plagi ya koili na kupima kwa mita: volti 12.1. Nadhani hapa ndipo aliyenitangulia alipohitimisha kwamba umeme upo. Nilirudisha plagi na kupima kwa nyuma yake, koili ikiwa sasa inavuta mkondo, na mita ikashuka hadi volti 4. Nyuzi chache za shaba zinatosha kuonyesha volti kwenye mita isiyovuta chochote, lakini hazitoshi kuiendesha koili. Nilipochana ganda la waya, kama sentimita 10 kutoka kwenye plagi, nilikuta shaba imegeuka unga wa kijani, na nyuzi tatu tu ndizo zilizobaki zimeshikana. Amonia ya samadi ikichanganyika na unyevu huila shaba taratibu ndani ya ganda ambalo kwa nje linaonekana zima. Nilikata kipande chote kilichooza, nikaunga waya mpya na kuziba maungio yasiingie maji.

Hitilafu ya kinyume ni bumu inayonesa wakati suspensheni imezimwa, kwa mfano dereva anapopanga marobota ya nyasi juu na uma zikawa zinacheza. Chomoa plagi ya koili: bumu ikikakamaa, umeme unafika mahali usipotakiwa, basi chunguza swichi na sensa; ikiendelea kunesa, vali imekwama wazi, mara nyingi kwa sababu ya uchafu uliokaa kwenye kiti chake. Bumu inayoshuka polepole bila kunesa ni jambo jingine, na hapo ningeanza na sili za silinda.

Ikiwa kweli ni gesi, tafadhali sana ndugu zangu, msijaze hewa ya kompresa wala oksijeni ya kuchomelea. Oksijeni ikikutana na mafuta chini ya presha hulipuka, na chupa hiyo iko hatua chache tu kutoka kwa dereva. Ni nitrojeni pekee, kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, na hupimwa bumu ikiwa chini na presha yote ya mafuta imetolewa, kwa maana kuzima injini hakuondoi presha iliyofungiwa ndani ya akumuleta. Wala usitafute uvujaji kwa kidole. Tumia kipande cha katoni, kwa sababu uzi mwembamba wa mafuta ya presha hupenya ngozi, na jeraha linaloonekana dogo huweza kumpotezea mtu mkono.

Kabla ya kuondoka niliomba nioneshwe akumuleta ya zamani, iliyokuwa imetupwa stoo nyuma ya matairi. Nilifunga geji, na gesi yake ilikuwa karibu kabisa na kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko. Nimemshauri mwenye shamba aifute, azibe mdomo wake na kuiweka kama akiba.